Funda la Maziwa

"Shikamoo, Mzee Gwandu," choo kilimwamkia.

Gwandu hakuitika. Alifungua mkanda, akaketi, akakodolea ukuta macho kama mtu aliyewekwa benchi moja na mgomvi wake.

Endasiri nzima hapakuwa na nyumba isiyo na choo cha namna hiyo. Mamlaka ya Utulivu ilivileta kwa malori, vyeupe, vinang'aa, vikafungwa bila mtu kuulizwa, na vyote vilikuwa na sauti moja ya mwanamke wa mjini ambaye, kwa maoni ya Gwandu, hajawahi kubeba kuni maishani mwake. Choo kilisoma unachokiacha. Kilijua umekula nini au hukula, umelala au umekesha, ini limeamkaje. Kisha kikakupa rangi ya siku, kijani, manjano au nyekundu, kikaenda kuwaambia wakubwa.

"Nimekuamkia, mzee wangu," choo kilisema.

"Nimesikia, mbea wewe."

"Samahani, sijaelewa. Leo umeamka na rangi nyekundu. Tumbo halijapata chakula cha kutosha. Asidi iko juu. Ukuta wa utumbo una michubuko. Je, kuna jambo linalokusumbua?"

"Liko. Wewe."

"Ahsante kwa kunishirikisha. Nyekundu yako imeendelea msimu mzima, hivyo jina lako limefikishwa kituoni kwa ajili ya kuoshwa kabla ya mvua. Uwe na siku tulivu."

Kuoshwa! Neno hilo walilichagua wenyewe, watu wenye shahada zao ukutani, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba huku, anayelazwa chali akaoshwa na wenzake ni maiti. Unanyweshwa dawa, tumbo linafagiliwa lote, halafu unamezeshwa mbegu za Mamlaka, vijidudu vilivyofugwa kwenye matangi yao, na kazi ya vijidudu hivyo ni kuula msongo kabla haujapanda kichwani. Watu walitoka kule mashavu yamejaa. Gwandu alikuwa amewaona. Hakuwataka.

Alitoka chooni akaelekea jikoni kumlisha Restituta.

Ndivyo alivyosema moyoni kila asubuhi, ingawa asingethubutu kumtamkia mtu. Kibuyu cha marehemu mkewe kilining'inia kwenye kigingi nyuma ya mlango, cheusi kwa moshi na mafuta, na kamba ya ngozi shingoni. Restituta alikuja nacho siku ya harusi. Alipewa na mama yake, naye mama yake alipewa na mama yake. Kibuyu cha namna hiyo hakiguswi na sabuni. Kinasuguliwa ndani kwa kijinga cha mzeituni mwitu, na maziwa kidogo ya jana yanabakizwa chini yawe mama wa maziwa ya leo. Yakimiminwa mabichi yakamkuta mama yao, yanaganda na ladha ileile. Kilichokuwa kikiishi humo kilikuwa hakijafa tangu enzi za wanawake ambao hakuna tena anayeyajua majina yao. Restituta alipofariki, Gwandu, mwanamume mzima, alichukua kazi hiyo: kukamua, kumimina, kunywa kikombe, kubakiza.

Kigingi kilikuwa kitupu.

Alitoka nje. Binti yake Emiliana, mtoto wake wa pekee, aliyefika kutoka mjini jana na mimba yake ikiwa imeanza kuonekana, alikuwa amesimama uani akiimba. Mbele yake kibuyu kilikuwa kimepinduliwa juu ya nguzo ya uzio, juani, kimetakata kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa.

"Shikamoo baba! Hata sijui umekuwa ukinywaje humu. Kilikuwa kinanuka moshi na uchachu mpaka nikaona kizunguzungu. Nimekiloweka kwa maji meupe tangu jana, nimekisugua, tazama. Ndiyo maana tumbo lako haliponi, baba. Uchafu."

Maji meupe, dawa ya kuulia vijidudu, yalikuwa ya Mamlaka pia, kopo moja kila nyumba. Emiliana alichukuliwa na shule zao za bweni akiwa bado hajaweza kushika kibuyu bila kukidondosha. Walimfundisha mengi. Hilo hawakumfundisha, na nyumbani hakukaa akafundishwa.

Gwandu aliingiza kidole ndani ya kibuyu. Kikatoka kikavu. Alikinusa. Kilinuka ofisi.

"Baba? Nimekosea nini?"

Angeweza kunyamaza. Mdomo ulimtangulia.

"Umemzika mama yako mara ya pili."

* * *

Kituo cha Mamlaka kilikuwa kwenye mwinuko unaotazamana na mlima Hanang, jengo lenye vioo vingi kuliko kuta. Gwandu aliingia na kibuyu kikiwa kimefungwa ndani ya khanga ya Restituta, amekipakata kama mtoto mwenye homa. Daktari Sekela, mwanamke mfupi kutoka nyanda za kusini aliyehamishiwa Endasiri mwaka huo, alisimama kumpokea.

"Shikamoo baba. Karibu. Nilikuwa nakutafuta, jina lako limekuja kwa—"

"Marahaba. Najua limekuja kwa nini. Leo sijaja kwa hilo. Mtazame huyu."

Daktari alikifungua kibuyu, akakwangua ndani kwa kijiti chembamba, akaweka alichokwangua chini ya mashine. Alisubiri. Akakwangua pengine. Alipoinua uso, Gwandu alishajua.

"Pole, baba. Maji meupe hayabakizi kitu."

"Hata kimoja? Kilichojificha kwenye shingo?"

"Hata kimoja. Kilikuwa cha mama?"

Gwandu alitikisa kichwa kukubali. Halafu, kwa sababu yule mwanamke hakumkimbiza, alimweleza. Alimweleza kigingi, kijinga cha mzeituni, mama wa maziwa. Daktari alisikiliza, kisha akavuta kioo chake na kufungua habari zote ambazo choo cha Gwandu kilikuwa kimezisema. Alizisoma muda mrefu, kidevu mkononi.

"Baba, nikuulize kitu. Wewe na mama mlikuwa mnakula pamoja?"

Gwandu aliona masikio yanapata moto. Huku mwanamume anakula na wanaume, nje, na mwanamke anakula jikoni na watoto. Yeye na Restituta, tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, walifunga mlango wakala sahani moja. Wenzake walipojua walimcheka mpaka akabadilisha njia ya kwenda malishoni.

"Nani kakwambia?"

"Tumbo lako." Daktari aligeuza kioo. Kulikuwa na vitone vya rangi vikitembea, kama mtama uliomwagika mbele ya kuku. "Hawa wa buluu ni wa kwenu, ulizaliwa nao. Hawa wekundu siyo. Ukoo wao mmoja, nao hawapatikani kwa mtu mwingine yeyote niliyempima bonde hili. Ni wa kibuyu hiki, baba. Walikuwa kwenye tumbo la mama kabla hajaolewa. Wakahamia kwako kidogo kidogo. Kwa maziwa, kwa mkono, kwa kijiko kimoja, kwa..."

"Sema tu. Mimi ni mzee, sijafa."

Daktari alicheka. Gwandu hakucheka, kwa kuwa alikuwa ameweka kiganja juu ya tumbo lake polepole, kama anayegusa mlango wa chumba ambamo mtu amelala.

"Yumo?"

"Waliokuwa wake wamo. Ila wanapungua." Alionyesha picha ya kiangazi, ya vuli, ya mwezi uliopita. Wekundu walikuwa shamba. Sasa walikuwa magugu mawili matatu kando ya njia. "Mtu akiwa na hasira, baba, mwili unafunga jiko. Damu inakwenda kwenye miguu na ngumi, kana kwamba kuna simba uani. Tumbo linabaki halina moto. Ukifanya hivyo siku moja, si kitu. Ukifanya mwaka mzima, ukuta wa utumbo unakonda, sumu inapenya inakwenda ini, ini linafagia usiku na mchana mpaka linachoka. Na vijidudu vile vyema havina cha kula. Vinakufa. Kila ukilala na hasira, unawapunguza hawa."

"Nisipokasirika mimi, nani atakasirika kwa ajili yake?"

Daktari alisukuma kioo pembeni.

"Tumbo ndilo lililomuua," Gwandu alisema, na sauti yake ilianza kupanda kama ilivyopanda kila alipolifikia jambo hili. "Mbegu hizi zilikuwepo. Zilikuwa mjini! Malori yalipita pale chini, barabara ya lami, nimeyaona kwa macho yangu, yanakwenda kuwaosha wakubwa kwanza, na wake zao, na vimada wao, na mbwa wao nadhani. Mimi nimekaa na mgonjwa wangu nasubiri. Amekufa, ndipo choo kikaja. Kinaniambia shikamoo!"

"Mimi sikuwepo, baba," daktari alisema taratibu. "Lakini siwezi kukwambia kwamba ni uongo."

Hakuna mtu wa Mamlaka aliyewahi kumjibu hivyo.

"Sasa nieleze," alisema baadaye. "Mkiniosha."

"Nikikuosha, wote wanaondoka, wazuri na wabaya. Michubuko inapona, unaishi, utamwona mjukuu akitembea. Nisipokuosha, michubuko inatoboka. Sitakudanganya, baba, sidhani kama utaimaliza masika."

"Na Restituta?"

"Utamkumbuka. Hatakuuma tu."

"Sasa asiponiuma nitajuaje kwamba ni yeye?"

Daktari Sekela alitazama nje, kwenye mlima, kana kwamba jibu lingeteremka kutoka huko.

"Mweke pembeni," Gwandu alisema. "Mnitolee huyo kidogo, mumtie kwenye friji lenu, mkimaliza kuniosha mnirudishie."

"Friji letu linasema, baba."

"Nalo?"

"Kuliko choo."

Hapo walicheka wote wawili, na katika kicheko hicho Gwandu akakumbuka jambo. Kibuyu cha kwanza, alisema, kile ambacho hakijawahi kuwa na maziwa, kwao Restituta hawakianzishi kwa kuazima. Mwenye kibuyu anachukua funda la maziwa ya moto, analishika mdomoni mpaka lipoe, halafu analitema ndani. Siku hiyo hakuna anayesema naye. Restituta alimweleza, na yeye aliona kinyaa, akamwambia ndiyo maana maziwa yenu yana maneno mengi.

Daktari alifikiri. "Mdomoni wamo wachache. Wanaweza kushika, wanaweza wasishike. Sheria inakataza mbegu zisizosajiliwa ndani ya kituo. Vibuyu haijavitaja." Alishusha sauti ingawa walikuwa peke yao. "Na sheria inamkamata yule ambaye choo kimempa nyekundu. Ukiwa manjano hakuna anayekugusa. Manjano ni mtu wa kawaida tu, mwenye mambo yake. Lakini kuna tatizo, baba, na siyo la friji. Wewe utakayekuwa umeoshwa hutaona sababu ya kuyanywa hayo maziwa. Utakuwa mzima, umeshiba, unalala. Nimeosha watu wengi. Hakuna hata mmoja aliyerudi kunidai huzuni yake."

* * *

Akirudi, alipita kwa Lohay. Walichunga pamoja utotoni, wakaoa mwaka mmoja, wakafiwa na wake zao mwaka mmoja. Lohay alikuwa ameoshwa kiangazi kilichopita. Sasa alikuwa ameketi kibarazani kwake na wajukuu wawili magotini, anamenya muwa, mashavu yamemjaa.

"Baba Emi! Mbona umekonda kama fimbo? Njoo utafune muwa."

"Meno hayataki. Lohay, nikuulize. Juzi ilikuwa siku ya mkeo, Mama Tluway."

"Siku gani?"

"Siku aliyofariki."

"Ah, ndiyo. Ndiyo." Lohay alitabasamu kwa upole wa kweli. "Alikuwa mtu mzuri yule. Mwaka huu mahindi yatakuwa mazuri pia, ukitazama mawingu."

Mjukuu mmoja alimvuta sikio, Lohay akajifanya anakufa kwa maumivu, akadondoka, watoto wakapiga kelele za furaha. Gwandu alisimama akiwatazama. Alitaka kumdharau Lohay, akajikuta anamwonea wivu, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote aliyoambiwa kituoni.

* * *

Emiliana alikuwa hajala tangu asubuhi. Gwandu alimkuta ameketi kwenye kigoda cha mama yake, macho mekundu, mikono mapajani.

"Mama," alimwita, kama alivyomwita akiwa mdogo. "Neno nililokwambia asubuhi ni baya. Limenitoka tumboni, na tumbo langu bovu."

"Ni kweli lakini, baba."

"Si kweli. Sikiliza."

Alimweleza yote. Alipofika kwenye wekundu wanaotembea, Emiliana aliacha kufuta machozi akayaacha yashuke. Alipofika kwenye funda, alikunja uso, Gwandu akasema ndivyo nami nilivyokunja. Kisha akafika pagumu.

"Nataka uniapie. Nitaoshwa, kwa ajili ya huyo uliyembeba. Nitarudi mzima, ninachekacheka kama Lohay. Kibuyu kikishika, wewe utakilisha. Halafu utaninywesha. Nikikataa, utaninywesha. Nikisema niko salama, utaninywesha."

Emiliana alisimama. "Unanitaka nikuone umepona, baba, halafu nikurudishie ugonjwa kwa mkono wangu mwenyewe?"

"Siyo ugonjwa. Ni mama yako."

"Ni vyote viwili! Mimi nimepoteza mama, nikaja huku nikakuta na wewe uko njiani unamfuata. Hujui nilivyolia nilipoiona hiyo nyekundu yako. Na wewe unasema nikurudishe huko?"

"Siyo mpaka huko. Daktari amesema nikishapona michubuko, tumbo litakuwa na nguvu, nitakuwa manjano. Nitaumwa kiasi cha mtu."

"Na kama daktari amekosea?"

Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu Gwandu hakutafuta wa kumlaumu. Alibaki anamtazama binti yake. Alikuwa na shingo ya Restituta, na namna yake ya kusimama akiwa amekasirika, uzito wote mguu mmoja.

"Kama amekosea," alisema, "utakuwa umenipoteza. Najua ninachokuomba, mama. Hakuna mwingine wa kumwomba."

Kuni zilibomoka jikoni. Emiliana akainama, akachukua kijinga cha mzeituni, akakipulizia.

"Nionyeshe kinavyosuguliwa," alisema.

Alimwonyesha. Walisugua pamoja, kibuyu kikarudia weusi wake na harufu yake, Emiliana akapiga chafya akacheka akalia. Gwandu alikamua ng'ombe. Alisukutua mdomo. Alichukua funda la maziwa yakiwa bado na joto la chuchu, akafumba.

Hapo ndipo hofu ilipomshika. Mdomo huu ulikuwa umetukana mwaka mzima. Je, ule uchungu ukiingia kibuyuni? Alifumba macho akatafuta kitu cha kufikiria ambacho hakikuwa na lori wala kituo ndani yake. Akaipata sahani. Restituta alikuwa na mchezo wake: alikula huku anazungumza, anatazama kwingine kabisa, na kidole chake kinasukuma vipande vya nyama kuelekea upande wa mumewe. Hakuwahi kukiri. Ukimuuliza anasema nyama yenyewe imeteleza.

Maziwa yalipoa mdomoni. Gwandu alilitema funda ndani ya kibuyu, taratibu, akajazia maziwa mengine juu, akafunga. Emiliana hakusema naye mpaka kesho yake.

* * *

"Shikamoo, Mzee Gwandu."

"Marahaba, mwanangu. Umeamka salama?"

Choo kilinyamaza kidogo, kama kisichozoea. "Nimeamka salama. Rangi yako ni kijani tangu uoshwe. Hongera. Uwe na siku tulivu."

"Na wewe pia."

Jikoni, mwiko wa Emiliana ulikoma kwenye sufuria, kisha ukaendelea.

Zilikuwa siku nzuri. Gwandu alilala mpaka jua lilipomkuta. Ugali uliingia tumboni ukakaa bila ugomvi. Alitengeneza zizi, alikwenda kwa Lohay wakatafuna miwa, meno yake yakawa yanataka. Jumapili alipita kaburini, akaona limepaliliwa vizuri, akarudi. Alikumbuka kila kitu. Alikumbuka malori barabarani na alikumbuka mkono wa Restituta ulivyokuwa baridi, kama mtu anavyokumbuka kwamba mwaka fulani palikuwa na nzige. Alishangaa kwamba yule mzee mwingine, yule mkondefu, alikuwa akipiga kelele zote zile.

Jambo moja tu halikuwa sawa: binti yake alikuwa na huzuni. Kila asubuhi alikamua, akakilisha kibuyu, akakitikisa sikioni, akamimina kikombe. Kisha akasimama nacho mkononi, akamtazama baba yake akila kwa hamu, na akayarudisha maziwa kibuyuni. Mimba ilikuwa imekua sasa. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha.

"Mama, mbona unajichosha na hicho?" Gwandu alimuuliza siku moja, kwa upole. "Kaa chini."

Emiliana alikaa. "Nikikupa nitakuwa nimekukosea. Nisipokupa nitakuwa nimekukosea. Nimekaa nayo hii tangu urudi, baba. Unakula! Unalala! Mimi nani nikuondolee?"

"Basi acha, mwanangu. Mimi niko salama."

"Ulisema utasema hivyo." Alifuta pua kwa mkono. "Uliniapisha wewe mwenyewe."

"Yule alikuwa mgonjwa."

"Yule alikuwa baba yangu."

Gwandu alimtazama. Hakuona sababu, kweli hakuiona, lakini mtoto alikuwa analia, na kikombe kilikuwa hapo, na mtu mwenye adabu akiletewa kinywaji anakipokea kwa mikono miwili. Alikipokea. Alikunywa chote. Kilikuwa na moshi, na uchachu, na kitu kingine nyuma ya uchachu.

"Mazuri," alisema, akarudisha kikombe. "Ahsante."

Hapakuwa na zaidi. Alikunywa kesho yake, na siku zilizofuata, kwa kuwa yalikuwa mazuri na kwa kuwa Emiliana alipomwona akinywa alikula na yeye. Mahindi yalibeba. Lohay alikuwa amesema kweli kuhusu mawingu.

* * *

Asubuhi moja, mvua ikiwa imenyamaza, Gwandu alinyoosha mkono upande wa pili wa kitanda.

Alikuwa anaunyoosha kila siku, mkono una mazoea yake. Kila siku ulikuta shuka baridi ukarudi. Leo ulikuta shuka baridi ukabaki pale. Kitu kilijikunja chini ya mbavu, kidogo, kama mtoto anayegeuka usingizini.

Aliamka akaenda chooni. Aliketi.

"Shikamoo, Mzee Gwandu."

Hakuitika.

"Nimekuamkia, mzee wangu. Leo—"

"Mlichelewa," Gwandu alisema.

"Samahani, sijaelewa."

"Najua hujaelewa. Malori yenu yalipita pale chini nikiyaona. Alikuwa anaweza kukaa bado. Alikuwa anakunywa uji bado, anauliza nani amemfungia ndama. Mlichelewa." Maji yalikuwa yanamtoka machoni, yanaingia mdomoni, na yalikuwa na chumvi, na tumbo lilikuwa linamuuma pale pale juu ya kitovu, siyo kama moto wa zamani, kama mkono. Kama kidole kinachosukuma kitu kuelekea upande wake huku mwenyewe anatazama kwingine.

"Rangi yako imebadilika kuwa manjano," choo kilisema. "Je, kuna jambo linalokusumbua?"

"Liko," alisema Gwandu. "Liko, mbea wewe, mbwa wa Mamlaka, usiyejua hata kubeba kuni. Liko!"

Jikoni kitu kilianguka kikagongagonga sakafuni. Alipotoka, alimkuta Emiliana ameketi chini kando ya mwiko wake, ameshika tumbo lake kubwa kwa mikono yote miwili, anacheka na kulia na kushindwa kupumua.

"Baba! Hebu rudia."

"Nirudie nini? Inuka hapo chini pana baridi." Alimpa mkono akamwinua, akajifuta uso kwa kiwiko, akaelekea kwenye kigingi akakigusa kibuyu shingoni, mara moja tu. "Kuna nini cha kula?"

"Ugali na mlenda. Nyama kidogo ya jana."

"Leta."

"Nikutengee nje?"

Gwandu aliusukuma mlango kwa mguu ukajifunga. Alivuta kigoda karibu na moto, akavuta na cha pili.

"Hapa hapa," alisema. "Sahani moja, mama. Inatutosha."